Aliyetaka Ukaguzi Uwe wa Hiari

Jumatano iliyopita nilikuwa sokoni nachagua nyanya, simu ikaita. Alikuwa mke wa mtu niliyekaa naye ofisi moja na kubishana naye miaka saba. "Shemeji, mwenzako ametutoka," alisema. Niliomba kreti nikakaa, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Msibani, nyumbani kwao Area D, wasemaji walimsifu kwamba alikuwa msikivu, mtu asiyependa ubishi. Niliinamisha kichwa, waombolezaji wakanishika bega wakidhani nalia, kumbe nilikuwa najizuia kucheka. Msomaji wangu, marehemu alikuwa mbishi wa kutupwa, na ubishi wetu ulihusu jambo ambalo Dodoma nzima pengine lilikuwa likitunyima usingizi sisi wawili tu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye kabati la mafaili akaanzisha kampuni. Yetu iligawa mbegu kwa wakulima waliojiandikisha, na orodha ilitunzwa kwenye kompyuta. Lugha tuliyoandikia programu ilikuwa ya zile zisizouliza maswali: kila unachohifadhi unakipa jina, na jina uliloliwekea namba asubuhi, jioni unaliwekea maneno, nayo inapokea tu. Mimi jambo hilo lilinikera, nikatengeneza kikaguzi. Pembeni ya kila jina unaandika kama litabeba namba au maneno, na kikaguzi kinapita mstari kwa mstari kutafuta palipochanganywa kabla programu haijaanza kazi. Bosi akasema sawa, lakini kiwe cha hiari. Kwa hiyo nusu ya programu, niliyoandika mimi, ilikaguliwa mpaka ikachoka, na nusu ya marehemu haikuguswa.

"Nchi nzima ni ruksa," aliniambia, "wewe peke yako unaweka kizuizi barabarani."

"Hata barabara ya ruksa ina mizani ya malori, bwana."

"Ya malori, ndiyo. Wewe unampima mpaka mpita njia na kapu lake!"

Mungu akanipa ushindi kule Bahi. Mzee mmoja wa mpunga alijiandikisha mifuko miwili ya mbegu, baadaye akaongeza miwili. Marehemu hakuwa ameandika popote kwamba hizo ni namba, basi kompyuta ikazichukua kama maneno, ikazipanga ubavu kwa ubavu, mbili na mbili, karatasi ikatoka na 22. Lori likapeleka mifuko ishirini na miwili. Mzee wa watu hakuuliza swali. Aliita majirani wakagawana, kisha wakatuandikia barua ya kusifu moyo wa ukarimu wa kampuni. Niliibandika ukutani juu ya meza ya marehemu, nikawa naisoma kwa sauti kila asubuhi. Bosi, akiwa amefura, akaamuru ukaguzi uwe lazima kwa kila kitu. Nami nikaenda mbali zaidi: hata kwenye fomu za wakulima, palipotakiwa namba pakikutwa maneno, mstari mzima ulitupwa nje ya orodha, kimya kimya.

Msimu uliofuata akaja mama mmoja kutoka Kolo, kanga zake zimejaa vumbi la safari. Marehemu ndiye aliyeinuka kumpa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jina langu limekwenda wapi? Karani alikuja, akaandika, nikaona kwa macho. Lori la alizeti limepita, wanasema simo."

Nilitazama, nikamjibu kwamba fomu yake ilikataliwa na kompyuta kwa sababu sehemu ya ukubwa wa shamba ilikuwa na maneno.

"Kwani nilisema uongo? Siku tano za palizi, mimi na binti yangu. Shamba langu ndilo hilo. Hiyo kompyuta imefika Kolo kulitazama?" Kisha akasema taratibu, "Mvua ya kwanza imeshanyesha, baba. Ya pili ikinikuta sina mbegu, mwaka huu mimi na binti yangu tumekwisha."

Nilisubiri marehemu anicheke. Alikuwa na kila haki, na barua ya Bahi ilikuwa bado ukutani. Hakucheka. Alivuta fomu zote za Kolo, tukakuta karibu kijiji kizima kimepima mashamba kwa siku za palizi, kama walivyopima siku zote, na kijiji kizima nimekifuta bila hata kujua. Akamuuliza yule mama siku tano ni kutoka wapi mpaka wapi, akakadiria ekari, akafanya hivyo fomu kwa fomu. Adhuhuri aliondoka na gari la ofisi, mbegu nyuma na mama mbele. Alirudi kesho yake na matope mpaka magotini, akasema mvua imewakuta wakiwa wameshafukia mbegu.

Kisha akakaa kwenye kompyuta akafanya jambo lililoniuma kuliko kuchekwa. Kwenye hesabu ya mifuko aliandika kwa mkono wake kwamba hizi ni namba, tena kwa lazima. Kwenye ukubwa wa shamba aliacha maneno yapite, yawekewe alama, mtu akaulizwe. Tangu hapo nimefundisha vijana wengi kazi hii, na wote wanataka niwaambie ukaguzi uwe mkali au uwe wa hiari. Nawaambia wajiulize kwanza kosa likitokea atakayelala njaa ni nani, ndipo waamue pa kukaza na pa kulegeza. Wananisifu kwa busara hiyo, nami hupokea sifa bila aibu. Busara yenyewe ni ya marehemu, na miaka yote hii sikumwambia hata mara moja kwamba alikuwa sahihi. Namwambia leo, gazetini, wakati hawezi kunijibu, na roho inaniuma, kwa sababu jibu lake ndilo nilipenda kulisikia.