Karani Aliyemkimbia Mama

Miaka ya hamsini, kwenda Uganda alikokuwa kaka yangu kulihitaji kibali cha kupita Kenya. Nilimpeleka mama ofisini Tarime asubuhi. Nje basi la Kisumu lilikuwa linanguruma, dereva anapiga honi, nami nakaa, nasimama, nakaa tena.

Zamu yetu ilipofika, karani aliinua kichwa, akamwona mama, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mume wa dada yangu, amehamishiwa hapo juzi tu. Kwetu Wakurya mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, na kibali hakikutolewa bila karani kumtazama msafiri.

Nilimfuata nyuma ya ofisi. “Shemeji, rudi! Basi linatuacha!”

“Siwezi,” akasema, amegeukia ukuta. “Msubirini mwenzangu, ameenda kunywa chai.”

Mwenzake aliporudi, basi lilikuwa limeshaondoka, na lingine ni kesho. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa amekalia mzigo wake, ametulia kabisa.

“Nyamaza,” akaniambia. “Tangu aanze kazi ya ofisi nilihofia amesahau adabu zetu. Leo nimejua binti yangu ameolewa na mtu.”