Pongo Alisingiziwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nilifukizwa ubani na majani machungu chini ya shuka ili nisahau nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe. Sikusahau. Leo nina watoto wangu, na kila nikisikia mtu mzima akimwambia mtoto "umeota wewe," damu inanichemka.

Tulikuwa na shamba la ng'ombe ng'ambo ya Chamazi, miaka ile ambayo huko bado ni mikorosho na majani, kabla ya viwanja na maduka ya saruji. Shamba alilianzisha babu, na alipofariki likashikwa na Baba Mkubwa, kaka yake baba. Baba yangu alikuwa fundi seremala Keko, mambo ya ng'ombe hakuyataka, lakini kila likizo alinipeleka nikakae na Bibi na Shangazi Zuhura. Sikuwa na mahali nilipopapenda zaidi. Asubuhi tulikunywa maziwa yakiwa bado na povu. Mchana tulipanda mikorosho, tukaoga kijitoni, tukawinda njiwa kwa manati na kurudi mikono mitupu, tukisingizia upepo.

Mwisho wa wiki walikuja wageni wa Baba Mkubwa kutoka mjini, na magari yao, mbwa wao na bunduki zao. Walikuwa wakiwinda kanga na paa, kisha wanachoma nyama na kunywa mpaka jua linazama. Bibi aliwavumilia shingo upande. Aliwafukuza mbwa kwa ufagio wasikaribie mitungi, akisema nyumba yake ni ya kuswalia. Sie watoto tuliokota maganda ya risasi tukayapuliza kama filimbi, na tukawaona wale watu ni mashujaa.

Mkubwa wao tulimwita Bosi. Alikuwa mtu mwenye cheo, na Baba Mkubwa alikuwa akimnyenyekea, kwa sababu shamba letu halikuwa na hati na maneno ya kunyang'anywa yalishaanza kusikika. Bosi akicheka, Baba Mkubwa anacheka. Bosi akinyamaza, Baba Mkubwa anatafuta kosa lake liko wapi.

Kule kijito kilikopinda palikuwa na kichaka kizito, na ndani yake aliishi pongo. Ni mnyama mkubwa kuliko paa, rangi ya kutu, ana madoa meupe ubavuni kama mtu kamnyunyizia chokaa. Bibi alitulea kwa neno moja kuhusu huyo mnyama: pongo hawindwi. Ana wenyewe. Anayemlenga pongo, risasi inamwacha mnyama inakwenda kumtafuta mtu wa nyumbani. Tukipita karibu na kichaka tulinyamaza, na mie nilikuwa nikishika sikio langu la kushoto, sijui nani alinifundisha.

Siku moja Bosi alimwona yule pongo akinywa maji, akarudi anahema kwa tamaa. Bibi akatoka barazani kumkabili.

"Mwanangu, kanga hao wapo, paa wapo. Yule muache."

"Mama, mzimu gani huo wa kuzuia bunduki yenye darubini?" Bosi akacheka. Baba Mkubwa naye akacheka, akatazama chini.

"Mie nimeshasema," Bibi akajibu, akarudi ndani.

Jumapili iliyofuata, baada ya alasiri, ng'ombe wetu mmoja aliyeitwa Mwanana alirudi zizini tumbo limepwaya. Alikuwa amezaa na kumficha ndama, kama wafanyavyo ng'ombe wengine. Shangazi Zuhura akanishika mkono twende tukamtafute kabla giza halijaingia.

Nieleze kwanza Shangazi alikuwa nani, maana hadithi hii huwa inasimuliwa kama vile yeye ni mti tu uliosimama njiani. Alikuwa mshoni. Charahani yake ilikaa barazani, na sare za shule za watoto wa mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Alikuwa akiimba anaposhona, sauti mbaya kabisa, na hakujali. Alikuwa ameposwa. Harusi ilikuwa baada ya Idi.

Ndama tulimkuta ndani ya kichaka, amejikunja kwenye majani makavu. Shangazi akainama amnyanyue. Wakati huohuo niliona watu ng'ambo ya kijito: Bosi, Baba Mkubwa nyuma yake, na mgeni mwingine ameshika chupa. Bosi alikuwa ameinua bunduki, mdomo wake umetuelekea sisi.

Shangazi naye aliwaona. Akasimama akapiga kelele, "Kuna watu huku! Kaka, ni sie! Kuna watu!"

Sauti ile ilisikika mpaka zizini. Najua, kwa sababu Bibi aliisikia akiwa zizini. Kisha bunduki ikalia.

Shangazi alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa hakipo mahali pake. Ndama akasimama kwa miguu yake mipya, akatetemeka, akaanguka tena. Mie nilikuwa nikipiga kelele, lakini sikujisikia.

Hospitali walimwokoa. Mkono haukukatwa, ila ulikauka umepinda, na vidole havikukamata sindano tena. Polisi waliambiwa ni majangili waliokimbia. Nyumbani tukaambiwa ni pongo. Serikali ilipewa uongo wake, na sisi tukapewa wetu.

Baba Mkubwa aliwakusanya ndugu akatandika mkeka. "Mama alituonya," akasema, sauti imejaa huzuni ya kununua. "Bosi alimlenga pongo, sote tulimwona pongo. Yule mnyama akageuka, na risasi nayo ikageuka. Haya si ya binadamu. Hapa hakuna wa kulaumiwa."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akauliza Zuhura alifuata nini kichakani saa ile. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba lawama imeshapata mahali pa kukaa.

Nikasema. Sikuitwa, nilisimama tu mlangoni nikasema, "Hapakuwa na pongo. Shangazi alipiga kelele. Alikuita wewe, Baba Mkubwa."

Baba yangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Keko na vumbi la mbao kwenye nywele, alinitazama, kisha akamtazama kaka yake. Nilimngoja. Bado sijaacha kumngoja, ingawa ameshazikwa.

"Mtoto ameingiwa," Baba Mkubwa akasema kwa upole. "Kichaka kile kimemwingia."

Kesho yake akaletwa mganga ambaye hakuna aliyemjua. Bosi alituma fahali mweusi kwa ajili ya tambiko. Mimi nikakalishwa kwenye kinu kilicholazwa, nikafunikwa shuka, chetezo kikawekwa miguuni. Moshi uliingia machoni na kooni. Mganga alikuwa akiuliza, "Uliona nini?" Nikisema niliona bunduki, anaongeza majani. Nilikuwa mtoto. Nilianza kufikiri kwamba nikisema pongo nitaruhusiwa kupumua.

Kabla sijasema, shuka liliondoka. Bibi alikuwa amelishika mkononi, kanga yake imemdondoka kichwani, jambo ambalo sikuwahi kuliona mbele ya wanaume.

"Mtoto huyu hana shetani," alisema. "Ana macho."

"Mama, wewe ndiye uliyesema habari za pongo," Baba Mkubwa akajitetea.

"Nilisema! Nilisema kwa sababu marehemu mama yangu alisema, na yeye aliambiwa na wake. Kichakani kule ndiko wanawake wa nyumba hii wanakochota maji na kuokota kuni. Ukimkataza mwanamume kuwinda pale kwa ajili ya mkewe na dada yake, anasahau. Ukimtajia mzimu, anakumbuka. Wewe umelichukua neno la kutulinda, umelifanya blanketi la kumfunika aliyetuumiza. Tambiko ni la mtu aliyekosa akakiri. Aliyekiri hapa nani?"

Fahali alichinjwa hivyo hivyo, watu wakala. Bibi hakuonja, na alinizuia mimi pia. Tulikaa chumbani kwa Shangazi tukala mihogo.

Posa ilivunjika. Upande wa mwanamume ulituma watu wawili wenye adabu nyingi, wakasema hawana ubaya, ila wameogopa mkosi. Shangazi aliwasikiliza, akawakaribisha chai, na alipowasindikiza alirudi akafunika charahani kwa kanga kuukuu. Sikumsikia tena akiimba. Shamba tulinyang'anywa baadaye hata hivyo. Bosi hakuonekana kututetea.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya mizimu. Siwezi kujibu kwa wepesi. Bibi aliswali swala tano na bado alikipita kile kichaka kimya, kwa heshima, na kwake sikuona ugomvi kati ya mawili hayo. Simdharau. Hasira yangu haiko kwenye imani yake. Iko kwa watu wazima waliomcheka siku ya kwanza, kisha wakageuka waumini siku walipohitaji pa kujificha.

Idi iliyopita tulikutana kwangu Mbagala, ukoo mzima. Baba Mkubwa amezeeka sasa, anashikwa mkono kuingia mlangoni, na nilimpa shikamoo yake kama inavyopasa. Baada ya pilau watoto wakamzunguka wakitaka hadithi, naye akawaanzia ile ile: palikuwa na pongo wa ajabu, na risasi iliyopinda angani. Watoto wakatoa macho. Nilikuwa nimebeba sinia la vyombo. Nililiweka chini kwa kishindo ambacho sikukikusudia, na nikafungua mdomo.

Shangazi Zuhura akanitangulia. Alikuwa ameketi pembeni, mkono wake uliopinda mapajani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Kaka, nilikuita. Ulinisikia?"

Baba Mkubwa alimtazama dada yake. Akainamisha kichwa na kusema, kwa sauti ambayo ilibidi tusogee kuisikia, "Nilikusikia."

Hakuomba msamaha, na Shangazi hakumdai. Binti yangu wa mwisho, ambaye hajui kunyamaza, akahama kutoka kwenye miguu ya mzee akaenda kukaa kwa Shangazi. "Ulimwita kwa nini, Bibi Zuhura?" Wenzake wakamfuata. Shangazi akavuta pumzi, akaanza kuwaeleza habari za ng'ombe aliyeficha ndama wake.

Nilikaa sakafuni pamoja na watoto nikasikiliza. Hasira haikuondoka, na sitaki iondoke kwa bei rahisi. Lakini kwa miaka yote niliibeba kama mtu aliyeona peke yake, na jioni ile, chumba kizima kikiwa kimya kinamsikiliza Shangazi, nilihisi wengine nao wameushika mzigo ule, kila mmoja upande wake.