Swali la Bakar Lililonifanya Mchawi

Posa yangu ilivunjwa na swali la mtihani.

Si utani. Mwaka wa hamsini na tisa, hapa hapa Wawi, maneno ya chaki yalininyang'anya mke.

Mie skuli niliacha darasa la pili. Kazi yangu kulinda karafuu za watu usiku zisiibwe. Nilikuwa nimemposa Moza, na mamake, Bi Khairiya, ameshakubali. Bado kuoa tu.

Basi kijana wetu Bakar akarudi kutoka Unguja na neno jipya: mantiki. Ati mtihani wa ukarani siku hizi una maswali ya mantiki. Akatundika ubao kwenye baraza ya duka la Ngwali, akawa anawafundisha wenzake jioni.

Siku moja akaandika:

"Wachawi wote hutembea usiku. Kificho hutembea usiku. Je, Kificho ni mchawi?"

Kificho ni mimi.

Mara ikaadhiniwa Magharibi. Bakar akakung'uta chaki. "Jibu kesho."

Kesho! Kufika asubuhi mji mzima umeshajibu.

Bi Khairiya akanirudishia kanga zangu za posa kabla sijanywa chai.

"Bi Khairiya, karafuu ninazolinda si zako wewe?"

"Ndizo. Sasa najua kwa nini wezi wanakuogopa."

Nikamkamata Bakar mbele ya watu. "Andika jibu sasa hivi!"

"Bila shaka, Ami Kificho."

Akaandika, mwandiko mzuri kabisa: Haijulikani kama Kificho ni mchawi.

"Haijulikani?"

"Ndilo jibu sahihi, Ami. Wachawi wote hutembea usiku, lakini si kila anayetembea usiku ni mchawi. Waweza kuwa, waweza usiwe."

Watu wakaondoka na maneno mawili tu: waweza kuwa.

"Futa! Andika kitu cha kunisafisha!"

Akajikuna kichwa. "Basi tufanye maswali ya nani zaidi."

Akaandika: "Kificho ni mwema kuliko Ngwali. Ngwali ni mwema kuliko Shehe Msellem. Nani mwema kuliko wote?"

Ngwali akatoka dukani mbio. "Yakhe, baraza nimekupa bure, halafu unaniweka chini ya mchawi?"

"Na Shehe wetu chini ya muuza chumvi!" akadakia mmoja.

Ubao ukapasuliwa kuni.

Mtihani ulipokaribia, Bakar akaja kwangu, jua la utosi, kilemba kimemfunika mpaka puani.

"Ami, nifanyie kitu nipasi."

"Kitu gani?"

"Kile mnachofanya nyie."

"Si wewe uliyesema haijulikani?"

"Ndiyo maana nimekuja kubahatisha."

"Na mbona mchana?"

"Usiku wataniona natembea, Ami."

Nikamfukuza na mchi wa kinu. Ukampata mgongoni.

Akapasi.

Sasa ni karani Unguja, na kila akija likizo anawasimulia watu, tena kwa shukrani: "Ami Kificho alinigusa na mchi wake mara moja tu." Msimu wa mtihani uliofuata wazazi wakaanza kuniletea watoto wao niwapige.

Nawe mwalimu yeyote, ukitaka mfano wa ubaoni, taja jina la mbuzi wako.

Moza ameolewa Chokocho. Kazi ya ulinzi sina tena, wezi wanalikimbia jina langu bila ya mimi kutoka nyumbani. Na msikitini, hata safu ikijaa mpaka mlangoni, ubavuni mwangu hubaki nafasi mbili: moja kulia, moja kushoto.