Mpira Uliomeza Gesi

Baba yangu hakuwa na subira, nianzie hapo. Kule Kajaga, kando ya ziwa, alivua sangala kwa mshipi, kwenye maji marefu, na samaki akishika ndoana alimvuta mbiombio. Sangala alifika juu macho yametoka, tumbo limemtokea mdomoni. Mama alinuna. "We unavuta kama unagombana naye! Muache apande polepole." Baba anacheka: "Atanishitaki wapi?" Mimi sikupenda kuyatazama macho yale, ila kula nilikula. Mama alikuwa na namna yake ya kumkaanga sangala... hapana, hiyo niiache.

Macho yale niliyakumbuka ukubwani, kwenye kiwanda cha kugandisha mafuta ya mawese katika Kartie Industriel, mtaa wa viwanda. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo naeleza nilivyoelezwa. Mafuta yaligandishwa kwa gesi iitwayo idrojeni, iliyoshindiliwa ndani ya chupa nene za chuma, na pale chupa inapoungana na bomba kuna pete ya mpira ya kuziba. Pete hizo zilikuwa na fundi wake, mtu wa Uvira, mkubwa kwangu. Mke alishafariki, watoto hakupata. Alikuwa na pete zake, dada yake ng'ambo ya mpaka, na mimi. Kazi yote alinifundisha yeye.

"Mupira si mupira tu," alisema. "Huu mweusi wamechanganya na masizi. Uko na nguvu, lakini unakunywa gesi sana. Huu mwingine wametia unga mweupe, unakunywa kidogo."

Presha ikiwa juu, mpira hukaa kimya. Gesi huingia ndani yake taratibu, kama maji kwenye maharage. Ubaya uko kwenye kufungulia. Ukiishusha presha kwa haraka, gesi iliyomo haipati njia, inavimba humohumo na kuupasua mpira kwa ndani. Nje unang'aa vilevile. Baada ya muda unaota malengelenge, kesho yake yamenywea, nawe unadhani umepona.

Ndiyo maana alifungulia kidogo, akanywa chai kikombe kizima, akafungulia tena kidogo. Vikombe vitatu. Na pete iliyotoka haikurudi. Aliikata kwa wembe aone ndani yake. Wenzetu walimcheka: "Muzee, we unashusha gesi ao unatafuta tu chai?"

"Mi niko na haraka kuwapita," alijibu. "Nataka kufika nyumbani na mikono mbili."

Jumamosi moja alikwenda kumwona dada yake, nikabaki na zamu ya alfajiri. Jumamosi asubuhi kwetu ni kazi za pamoja, kila mtu na jembe lake, na kiongozi wa mtaa wetu wa Carama alikuwa ameshaniita mvivu mbele ya watu, mara mbili. Sikutaka ya tatu. Ilibaki chupa moja ya kubadilisha. Nilifungulia yote kwa mpigo, ikapiga mluzi, ikaisha. Pete ilitoka laini, nzuri. Kutafuta mpya nikaona ni kuchelewa. Nikaipaka mafuta, nikaifungia chupa mpya kwa pete ileile, nikaenda kuchimba mtaro. Nilisifiwa.

Jumatatu fundi aliifungua chupa ile mpya. Pete ikaachia, gesi ikashika moto. Moto wa gesi ile mchana hauonekani. Tuliona tu mkono wa shati lake unaisha.

Aliporudi kutoka hospitali, vidole vya kuume vilikuwa vimeshikana. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, akatuita. Pete ilikuwa mezani.

"Ni wewe ulichagua hii mipira myeusi," shefu alimwambia. "Kama si kosa ya mutu mwingine, ni yako. Na kazi imeisha, muzee."

Fundi alinisogezea wembe kwa mkono wa kushoto. "Kata."

Nikakata. Ndani kulikuwa na nyufa ndogondogo, nyingi mno. Alizitazama, kisha akanitazama mimi.

"Jumamosi ulikunywa vikombe ngapi, mudogo wangu?" Aliuliza taratibu, kama anayeuliza hali ya nyumbani.

Nilikuwa na watoto watano. Siyo sababu, naandika tu.

"Tatu, kaka."

Shefu hakujua vikombe gani, wala hakuuliza. Ningesema sikunywa hata kimoja, fundi angebaki kazini na mimi ningetoka. Aliningoja. Aliningoja sana, mashine zikinguruma nyuma ya ukuta, nami nikawa natazama kile kipande cha pete.

"Basi ni mupira," alisema.

Akachukua kikombe chake cha bati dirishani, akamwaga masalia ya chai, akakirudisha palepale. Nilidhani atasimama nje kwa mama wa mandazi, kama alivyozoea, nimfuate nimwambie. Hakusimama. Alivuka barabara, akashika njia ya bandarini, mkono ule kaukumbatia kifuani, na hakurudi tena.