Vidole Vyangu kwa Gauni la Nyambura

Haya ni mambo ya aibu na ningeyanyamazia, lakini watu wa Ngoliba wanaisimulia vibaya harusi ya dada yangu Nyambura, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Wiki hiyo gari yangu ilikuwa imeanza kulia ka-ka-ka kila nikikata kona. Nikapitia kwa Wambui, fundi wetu hapa Mugutha, akalala chini yake, akatoka akipangusa mikono.

"Baba Shiro, mpira unaofunika jointi ya tairi umepasuka. Grisi imetoka, mchanga umeingia. Hii itakuangusha."

Akanionyesha jointi kuukuu: kikombe cha chuma chenye gololi sita ndani, zinazoteleza kwa mifereji yake, ili shafti inayotoka kwa giaboksi izungushe tairi kwa mwendo uleule hata tairi ikiwa imepinda. Bila grisi, gololi na chuma zinalana. Nikamwambia nitarudi baada ya harusi, kwa sababu nilikuwa nakimbia kupaka gari polishi (ndiyo, polishi).

Jumamosi ya harusi tukatoka Thika vizuri, Nyambura nyuma na tata Wangari, shangazi yetu, barabara imenyooka, gari kimya, nikaanza kujiona. Tulipofika kanisani Ngoliba, kwaya ilikuwa imejipanga na kuanza kuimba, na badala ya kuwashusha langoni nikataka kuzunguka uwanja watu waone gari, nikakata usukani hadi mwisho, nikakanyaga mafuta, chini kitu kikalia ta! mara moja, kisha injini ikanguruma na gari ikakaa palepale. Nikakanyaga tena. Kwaya ikaendelea kumkaribisha bibi harusi ambaye hafiki.

"Sasa tunangoja nani?" tata akauliza.

Nikaingia chini na suti. Jointi ilikuwa imepasuka, gololi ziko mchangani. Hapo ningetulia, lakini nikatoka mbio, nikafungua mlango, nikamshika Nyambura kiunoni asijikwae akishuka.

"Mikono yako," tata akasema polepole.

Vidole vitano vyeusi, juu ya gauni jeupe.

Nyambura akaviangalia, akaangalia kwaya iliyokuwa imerudia wimbo kutoka mwanzo. "Tutembee," akasema. "Na wewe usinishike tena."

Akavuka uwanja wote vumbini, kichwa juu, mimi nyuma yake nimeficha mikono mfukoni kama mwizi.

Alinisamehe jioni hiyohiyo, nashukuru. Gauni lilienda kwa dobi mara tatu, kidole gumba kikakataa kutoka. Tangu hapo fundi akisema leo, mimi husikia leo, na bibi harusi wa mtu sitambeba tena.