Mama Pingamizi Apanda Mlima

Jina la Mama Pingamizi hakupewa na mzazi wala na mumewe. Alipewa na makarani wa mahakama, enzi zile bado mwepesi, anapokurupuka kitini kabla wakili wa upande wa pili hajamaliza swali lake la hila. "Napinga, Mheshimiwa!" Na sauti yenyewe, we acha tu. Shahidi aliyekuwa ameshafungua mdomo aseme uongo aliufunga. Wateja walimpenda kwa hilo, na mawakili wenzake walimwogopa kwa hilo hilo.

Basi uwakili ukamfanya unavyowafanya wengi. Watu wanadhani wakili hufanya kazi kwa mdomo. Wapi! Wakili hufanya kazi kwa makalio. Anakaa ofisini kuandaa shauri, anakaa kwenye gari kwenda mahakamani, anakaa kwenye benchi la korido kusubiri kesi iitwe, kisha anaambiwa kesi imeahirishwa, anarudi ofisini kukaa. Na yeye alikuwa na lake jingine: hawezi kufikiri bila kutafuna. Faili likiwa gumu, karanga. Likiwa gumu zaidi, biskuti. Kesi za mirathi, zile za ndugu wa kambo wanaotaka kung'oana macho, hizo zilikuwa za keki. Mchana alisahau kula, halafu jioni akala cha mchana na cha jioni pamoja. Siku moja alipeleka masjala kiapo chenye doa la mafuta juu ya sahihi. Karani akakinusa, akauliza, "Wakili, hiki ni kiapo au ni chipsi?" Mama Pingamizi alicheka kuliko wote.

Utasema, mtu mzima na akili zake, hakujiona? Hakujiona, na kosa halikuwa lake peke yake. Mumewe ni fundi cherehani, fundi hasa, wa kushona koti ukadhani limeota mwilini. Bwana huyu alimpenda mkewe kupita kiasi, na aliuogopa ulimi wake kama mtu yeyote mwenye busara. Kwa hiyo kila alipoona sketi inaanza kulalamika, aliichukua kimya kimya, akafumua mshono, akaongeza kitambaa cha rangi ile ile, akaipiga pasi, akairudisha kabatini. Sketi, blauzi, koti, hata joho la mahakamani. Mwaka nenda, mwaka rudi. Mama Pingamizi akivaa asubuhi nguo inamkaa sawasawa na siku aliyoipata. Anajigeuza mbele ya kioo, anasema, "Wenzangu wote wananenepa, mimi Mungu kanijalia mwili usiobadilika." Mume anaitikia, "Kweli kabisa, mke wangu," huku anatazama dirishani.

Ila viti vilijua. Mawakili wa upande wa pili nao walijua. Mahakamani hupingi ukiwa umekaa, lazima usimame, na sasa Mama Pingamizi alianza kwa kushika meza, akavuta pumzi, akajisukuma, na alipokuwa wima shahidi alikuwa ameshajibu zamani na hakimu ameshaandika. Mwishowe akawa anayaacha maswali mengine yapite. Alijiambia ni utulivu wa umri. Utulivu gani! Ni uzito.

Ndipo ikaja kesi ya Mama Nyuki. Huyu alikuwa mjane mfuga nyuki, mtu wa maneno machache, mwenye shamba lililopanda ubavu wa mlima hadi kileleni. Juu kabisa ndipo marehemu baba yake alipojenga nyumba yake ya kwanza. Nyumba ilikwisha kuanguka, lakini mizinga yote ya nyuki ilikuwa huko. Jirani yake wa bondeni akapanda mstari wa miti katikati ya mlima. Miti ilipokua akasema huo ndio mpaka, kwamba kutoka hapo kwenda juu ni mali yake, na kwamba kule kileleni hakujawahi kuishi mtu tangu dunia iumbwe. Akaweka wakili, bwana mtanashati anayeitwa Suti Tatu kwa sababu hata jua liwake vipi havai pungufu ya vipande vitatu. Suti Tatu akaomba zuio, akalipata: Mama Nyuki asivuke miti hadi kesi iishe. Mama wa watu akawa anaisikia mizinga yake kwa mbali tu. Akishindwa kesi ameikosa moja kwa moja, na kazi nyingine hana.

Kesi za ardhi zina jambo moja. Maneno yakigongana sana, mahakama hufunga safari ikajionee kwa macho. Hakimu, karani, mawakili na wenye kesi, wote huenda shambani, na hapo ndipo kesi hufa au kupona. Siku hiyo walianza kupanda asubuhi. Hawakufika hata kwenye miti. Kifua kilimbana Mama Pingamizi, macho yakaona giza, miguu ikakataa katakata. Akaketi juu ya jiwe na viatu vyake vya kisigino, jasho likimdondokea kwenye karatasi. Mama Nyuki akabaki naye, akimpepea kwa mtandio. "Pumzika, mwanangu," akamwambia. Hakimu alikuwa na haraka zake, akaendelea na wale wengine. Waliporudi, Suti Tatu alikuwa anatabasamu. Wameonyeshwa miti, wameambiwa ndio mpaka, hakimu kaandika, na upande wa Mama Nyuki hakukuwa na hata mtu mmoja wa kusema neno.

Njia nzima ya kurudi Mama Nyuki hakumlaumu. Laiti angemlaumu! Mama Pingamizi aliingia nyumbani akiwa amejaa aibu na hasira, akavua sketi, akaitupa ukutani. Ikaanguka ndani nje. Akaona mshono juu ya mshono, na kitambaa kilichoongezwa juu ya kitambaa kilichoongezwa.

"Baba watoto! Njoo hapa. Hii ni nini?"

Fundi akaitazama sketi, kisha akautazama mlango. "Hiyo... ni akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya amani ya nyumbani."

Siku nyingine angecheka. "Leo nimemwangusha mama wa watu kwa sababu ya amani yako! Sikia. Kuanzia leo usiguse hata uzi mmoja. Nguo ikinibana, iache inibane. Nataka niisikie." Kisha akalia, na fundi akalia pia, maana kwa kweli alikuwa hajui afanye nini kingine.

Bahati ikamjia kutoka pale asipotegemea. Kabla hukumu haijaandikwa, hakimu akahamishwa. Akaja mwingine, mama wa makamo, miwani puani, akalisoma jalada akasema, "Mimi siandiki hukumu ya mlima ambao sijauona. Mvua zikiisha tutakwenda upya." Mvua ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Mama Pingamizi akatoka mahakamani akiwa ameshaamua.

Akajifunga kibwebwe, mwanzoni kwa ujinga kama tulivyo sote. Wiki nzima akala matango. Akamfokea karani wake, akamfokea shahidi wake mwenyewe, nusura amfokee na jaji, akaomba radhi, akayatupa matango. Ndipo akatulia akajitazama kama anavyotazama kesi: mhalifu ni nani hapa? Mhalifu ni kiti, na mshirika wake ni bakuli la karanga. Akaweka amri kwamba faili na chakula havikai meza moja. Ukiona njaa, funga faili, nenda ukale chakula cha kweli, ushibe, urudi. Siku za mwanzo hakupata hoja hata ya kuombea maji. Kichwa kitupu! Akainuka, akaanza kuzunguka ofisini anajisemea. Ofisi ndogo, akatoka koridoni. Korido fupi, akaingia kwenye ngazi za jengo. Na huko, katikati ya kupanda na kushuka, hoja zikaanza kumjia zenyewe. Kumbe siku zote haikuwa karanga. Mwili wake ulikuwa unataka tu kufanya kitu wakati kichwa kinafanya kazi.

Tangu hapo kesi zake zote ziliandaliwa ngazini. Mlinzi wa jengo alidhani mama wa watu karukwa na akili: anapanda, "Mheshimiwa", anashuka, "Mheshimiwa". Siku ya kwanza alimwitikia, "Naam, mama?" Gari akamwachia mumewe, mahakamani akaenda kwa miguu, raba miguuni, viatu vya heshima na joho ndani ya begi. Si kwamba hakuteleza. Kesi moja ya mirathi ilimchosha hadi akanunua keki nzima, akajifungia kwenye choo cha ofisi akaila kama mwizi. Kesho yake akarudi ngazini. Nguo zilimbana, akazisikia, zikanyamaza, baadaye zikaanza kupwaya. Fundi akawa anapitapita na tepu shingoni kama mtu anayeomba kibarua, mpaka akaruhusiwa kupunguza. Alipunguza anaimba.

Mwembamba hakuwa, tusidanganyane. Bonge alikuwa, na ubonge kidogo ulibaki. Lakini siku moja, katika kesi nyingine kabisa, Suti Tatu aliuliza swali lake la hila, na kabla shahidi hajavuta pumzi chumba kizima kikasikia: "Napinga, Mheshimiwa!" Karani aliangusha kalamu. Suti Tatu aligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia sauti ya marehemu. Mama Pingamizi alikuwa amesimama wima, na hakukumbuka hata alivyoinuka.

Mvua zikaisha, safari ya mlimani ikafika. Walipanda wote hadi kwenye miti. Suti Tatu akasimama hapo, akajifuta uso kwa leso. "Mheshimiwa, mpaka ndio huu. Huko juu ni mawe na miiba tu. Na tena tumwonee huruma msomi mwenzangu, maana mara ile nusura tumbebe." Jirani akacheka kwa sauti. Karani akainamia karatasi zake.

Hakimu akamgeukia Mama Pingamizi. "Wakili, unasemaje?"

Alikuwa anahema, ndiyo, kama kila mtu pale. Moyo ulimdunda, na nusu ya huko kudunda ilikuwa ni hasira. Lakini sauti ilikuwepo. "Mheshimiwa, hiyo huruma naipinga. Naomba mahakama inifuate."

Akatangulia. Njia ilikuwa mbaya kweli, mawe yanateleza, miiba inavuta sketi, na jua limeshapanda. Hakusimama. Nyuma yake alimsikia Mama Nyuki akipanda kimya, na nyuma ya Mama Nyuki hakimu akitweta na kunung'unika kuhusu serikali na mishahara. Alipofika kileleni alikuwa mzima, miguu imesimama chini yake, akavuta pumzi moja kubwa hadi tumboni. Msingi wa nyumba ulikuwa pale pale. Mafiga yalikuwepo bado, meusi kwa moshi wa zamani, na mbele ya palipokuwa mlango kulikuwa na ngazi ya mawe yaliyochongwa. Nyuma yake mizinga.

Hakimu akafika, akaona, akamwambia karani aanze kuandika. Suti Tatu na jirani hawakuwepo. Walikuwa wamegoma chini kwenye miti, wakisema kule hakuna cha kuona. Mama Nyuki akamgusa wakili wake mkono, macho yakisema: wahi, mwanangu, tuko peke yetu.

Nusura Mama Pingamizi ashawishike, nisikufiche. Kisha akasema, "Mheshimiwa, naomba tuwasubiri. Siku ile mimi sikufika, yakaandikwa bila mimi. Sitaki mwenzangu afanyiwe hivyo."

Hakimu akamtazama juu ya miwani. Akamtuma karani: waambie wapande, ni amri.

Wakapanda. Suti Tatu alifika koti mkononi, kizibao kimefunguliwa, tai imeingia mfukoni, hana suti hata moja ya maana. Jirani akaja nyuma yake, miguu imekwisha, akajitupa juu ya ile ngazi ya mawe akihema. Mama Pingamizi akampa maji yake. Aliijua hali ile vizuri mno, akamwacha anywe, akamwacha apumue. Kisha akauliza kwa upole, hakimu akisikiliza.

"Mzee wangu, hapo umekaa juu ya nini?"

Jirani akatazama chini. "Juu ya ngazi."

"Ngazi ya kuingia wapi?"

"Mlangoni." Suti Tatu akainua mkono, akafungua mdomo, pumzi ikamkatalia.

"Mlango wa nani, mzee?"

Jirani akamtazama Mama Nyuki. Walikua pamoja hawa wawili, kabla ya miti na mawakili. Uso ukamlegea. "Wa baba yake," akasema. "Tulikuwa tunakaa hapa hapa utotoni, anatupa asali."

Hakimu hakuinua kichwa. "Karani, andika alivyosema, neno kwa neno." Kisha akafunga jalada. Hukumu ingesomwa mahakamani, akasema, na ilikuja kusomwa kweli, mlima mzima ukarudi kwa mwenyewe. Lakini zuio aliliondoa pale pale. Mama Nyuki alimpita jirani yake pale ngazini, akaingia ndani ya nyumba isiyo na kuta kwa kupitia mlangoni, akatokea upande wa pili kwenye mizinga, akaiwekea mikono, mzinga mmoja baada ya mwingine.

Mama Pingamizi alifurahi hadi akataka kupiga vigelegele. Akajizuia. Pale alipokuwa amesimama ni mahakamani, na yeye ni wakili. Akasubiri hakimu atangaze kwamba mahakama imeahirishwa, na alipotangaza, akavipiga, virefu, hadi watu wa bondeni wakatoka nje kutazama juu.