Mwito Nilioupiga Kumtetea Mama Kisima

Jamani, kuna jambo nikilikumbuka mpaka leo nafunika uso kwa mtandio hata kama niko peke yangu jikoni, na wala sikutaka kulisema, lakini mmenianza wenyewe na hayo mabishano yenu ya mwigizaji gani kanyimwa tuzo na yupi kapewa bure, mkaniona nimenyamaza mkadhani Sauda hajui filamu. Mimi! Mimi niliyeumbuka mbele ya Mvara nzima, watu wakanikimbia mchana kweupe, kwa sababu ya mwanamke wa Kihindi ambaye hata hajui kama nilizaliwa! Basi sogeeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, tumesharudi Uganda kutoka ukimbizini, soko la Koboko limeanza kupumua, na mimi nilikuwa nauza vitenge pale, nikienda Arua kuchukua mzigo. Nikifika Arua silali mjini, nalala Mvara, pembezoni mwa mji, kwa rafiki yangu Driciru (yeye Mlugbara, mtu wa kanisa hasa, na mimi Mnubi mtoto wa askari, watu walishangaa tunapatana vipi, lakini ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, video). Jirani yake Drani alikuwa na televisheni, mashine ya kanda na jenereta, na Jumapili mchana watu wakitoka ibadani anawaonyesha filamu kwenye banda lake la mabati, madirisha kayaziba kwa magunia, na yeye mwenyewe anasimama pembeni anatafsiri kwa kile Kiswahili chetu, akitia na chumvi yake, mpaka wakati mwingine mtu anakufa kwenye filamu sisi tunacheka.

Sasa kulikuwa na kanda moja ya Kihindi iliyotunyima usingizi. Mwanamke anasukumwa kisimani na wakwe zake, anakufa, halafu kila jioni anamwita binti yake kutoka kule chini. Hiyo sauti, wallahi, hata Drani alikuwa hatafsiri ikifika pale, ananyamaza tu. Jina la mwigizaji lilitushinda, tukamwita Mama Kisima. Na mwaka huohuo kulikuwa na mwingine tuliyemwita Mkufu, kwa sababu ya ule mnyororo kutoka puani mpaka sikioni, yeye alicheza kwenye mvua na kupepesa macho, basi. Halafu mtu akaja na gazeti la picha kutoka Kampala, tukasoma kwamba tuzo kubwa ya Bombay, ya mwigizaji bora wa kike, kapewa Mkufu, na Mama Kisima hata kutajwa hakutajwa. Niliumia utadhani wamemdhulumu dada yangu tumbo moja.

Jumapili hiyo tukaiomba kanda ya kisima tena, tukaitazama mpaka mwisho, na ilipokwisha mabishano yakalipuka humo bandani.

"Mkufu alistahili," Drani akasema. "Yule iko na kucheza, iko na sura, iko na kila kitu. Huyu yenu iko na kulia tu."

"Kulia tu? Drani, nywele zako hazikusimama?"

"Zilisimama, mimi sikatai. Lakini hiyo sauti si yake. Hawa Wahindi hawaimbi wenyewe, mutu mwingine anaimba nyuma. Hii pia ni mutu mwingine, ao ni mashine. Mutu wa kawaida hawezi kutoa sauti namna hii. Sasa tuzo wape nani? Wape mashine?"

Banda zima likaangua kicheko, wanawake wenzangu pia, wasaliti wakubwa, na mimi ndiyo hivyo mnanijua, damu ikapanda kichwani. Drani akairudisha kanda nyuma, akaisimamisha pale mwanamke anapofungua kinywa kisimani, picha ikabaki inatetemeka kwenye kioo, mdomo wazi, hakuna sauti. Akasema, "Haya, nionyeshe mutu mumoja tu anaweza."

Mngekuwa nyinyi mngekaa. Mimi nikasema, "Mimi naweza."

Driciru akanivuta gauni. "Sauda, kaa chini." Sikukaa, nikapanda juu ya benchi (benchi refu la kanisani, mwisho wake kabisa, akili hizo), nikawaambia wote kimya, nikavuta pumzi. Nia yangu ilikuwa kumwiga Mama Kisima. Lakini yake ni nyembamba mno, kooni kwangu haikai, na nilipofungua mdomo ikanijia sauti nyingine niliyokuwa naijua tangu utotoni, nikasema moyoni hii ni nzuri zaidi, hii itawanyamazisha. Nikaiachia.

Hiyo sauti niliipata ukimbizini. Serikali ilipoanguka ile sabini na tisa, sisi wa Koboko tulivuka upande wa Kongo, tukajenga vibanda kando ya mto, na ng'ambo ya mto walikaa wakimbizi wengine. Kila jioni mwanamke mmoja wa ng'ambo alikuwa anasimama na kuita. Inaanza chini kama mtu anauliza kitu, inapanda, inapanda, inakatika, halafu inamalizikia kwenye vipande vifupi vifupi. Mama yangu alikuwa anasema, "Huyo anaita watu wake," basi, na sisi watoto tukazoea, ikiita tunajua chakula kimekaribia. Sikuwahi kujua jina lake wala kumwona uso.

Nilipomaliza niliteremsha macho nikingoja makofi. Hakuna aliyepiga. Wanubi waliokuwemo walikuwa wanatabasamu wakitazama huku na huku, lakini Walugbara, jamani, Walugbara walikuwa wameganda. Mama mmoja alikuwa amefunika masikio ya mwanawe. Drani, mbishi yule, mkono mdomoni.

Halafu huko nje, kutoka boma la pili, ikaitikiwa.

Sauti ya kizee, imepasuka, lakini inaitika kweli, siyo kuiga, inajibu pale pale nilipoishia mimi. Watu karibu wote wakainuka kwa pamoja, wengine wakakimbilia nje, na benchi, kwa kuwa nilisimama mwisho wake na waliolikalia wameondoka, likapinduka, nikaanguka miguu juu mapajani mwa msoma masomo wa kanisa, mtandio huku, kiatu kule, na yule mzee badala ya kunishika akanisukuma sakafuni akisema, "Toka kwangu, toka!" kama nina moto.

Driciru ndiye aliyeniinua, mikono yake baridi. "Umefanya nini?" akaninong'oneza. "Nani alikupa hiyo cere?"

Sikujua hata ni kitu gani. Sisi Wanubi harusini wanawake tunapiga vigelegele pamoja, havina mwenyewe, anayetaka anapiga. Nilidhani na mwito wao ni hivyohivyo. Kumbe kwa Walugbara kila mtu ana mwito wake wa peke yake, ndiyo hiyo cere, ukiusikia gizani unajua ni fulani, na mtu mwingine haugusi, hata dada yake, hata kwa mchezo. Mtu akifa, unakwenda naye.

"Hiyo ni ya Candiru," Driciru akasema. "Aliolewa Koboko kwa askari. Wakati wa kukimbia alipotelea huko. Wewe sasa umepiga mwito wa Candiru nyuma ya nyumba ya mama yake!"

Nikataka kutoka mbio, na mlangoni nikakutana na huyo mama mwenyewe anaingia. Mwembamba, miguu peku, mikono nyeupe kwa unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Watu wakampisha. Hakutazama mtu. Mle bandani mwanga ulikuwa wa televisheni tu, na Mama Kisima bado yuko pale anatetemeka, mdomo wazi, basi mama wa watu akamwendea yeye. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kiganja juu ya lile shavu, akakaa hivyo kwa muda.

"Si yeye," akasema, akageuka. Kioo kikabaki na alama ya unga. "Candiru iko wapi? Nimesikia yeye. Nimeitika."

Hapo, jamani, aibu ya kuanguka iliniisha yote, ikanishika nyingine. Driciru ananinong'oneza haraka haraka sikioni, kwamba watoto wa kiume wa huyu mama wanataka kumchezea Candiru ngoma ya matanga, wamalize, waweke moyo chini, na mama anawakatalia tangu warudi, anawauliza nani kamwambia mwanawe amekufa, kila siku anamwekea chakula, wanawe wawili hawasemeshani naye kwa ajili hiyo. Na sasa mimi, kwa ajili ya tuzo ya Bombay, nimekuja kumrudisha Candiru nyumbani.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nisamehe. Ni mimi nimepiga. Sikujua ina mwenyewe."

Akanijia. Akanishika kidevu kwa ule mkono wa unga akanigeuza uso huku na huku. "Wewe si mutu ya hapa. Nani alikufunza sauti ya mutoto yangu?"

Nikamweleza. Mto, vibanda, mwanamke wa ng'ambo.

"Ulimwona?"

"Kwa mbali tu, mama, uso sikuuona. Nilikuwa mdogo, na mto ulikuwa katikati."

"Alikuwa anaita saa ngapi?"

"Jioni. Kila jioni."

"Anatazama wapi?"

"Anatazama huku kwetu. Uganda."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari ya shamba. Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Mpaka lini?"

Nawaambia kweli, uongo ulikuwa umeshafika ulimini. Ningeweza kusema tulihama tukamwacha anaita, na yule mama angerudi nyumbani na furaha yake, na angeendelea kuweka chakula mpaka afe. Nikawaona wanawe wawili wamesimama mlangoni, watu wazima na ndevu zao, wananitazama mdomo tu. Na yeye hajaniachia kidevu.

"Mpaka mvua kubwa ilipokuja, mama. Kulikuwa na homa ng'ambo. Jioni moja hakuita. Kesho yake tukaona watu wanachimba karibu na pale alipokuwa anasimama. Hakuita tena."

Mmoja wa wale wanawe akatoa sauti, siyo ya kulia, kama aliyepigwa tumboni. Mama hakulia. Akakaa chini, pale pale kwenye udongo, miguu mbele.

"Na nani aliitika?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna," akarudia. "Ameita, ameita, hakuna mutu." Drani akafanya kuizima televisheni, jamaa mmoja akamzuia, sijui kwa nini. Ndipo mama akaninyooshea mkono. "Piga tena."

Nikamtazama Driciru, Driciru akatazama pembeni. Nikasema, "Mama, siwezi, sio yangu."

"Si yako. Ni yangu, mimi nimezaa yeye. Piga, niitike karibu."

Jamani, mimi ni mtu wa maneno, mnanijua, lakini sina maneno ya kuwaeleza kilichotokea hapo. Sikuvuta pumzi. Sikuikumbuka. Nilifungua mdomo tu ikatoka yenyewe, na haikuwa ile ya kwanza niliyoipiga kwa mbwembwe, hii ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ameshachoka, na ilipofika pale inapokatika nilisikia baridi ya mto miguuni, wallahi naapa, nilitazama chini nikaona udongo mkavu. Driciru aliniambia baadaye kwamba midomo yangu ilikuwa haifuati sauti. Sikumuuliza zaidi na wala nisingependa kujua.

Mama akaitika. Polepole, karibu kabisa, kama anamwambia mtoto aliye mlangoni aingie ndani. Wakati ule hata waliokuwa wamenikimbia walikuwa wamerudi, wanalia wote, Wanubi na Walugbara, Drani kalia kuliko wote.

Halafu mama akainuka, akajipangusa, akaniwekea kiganja juu ya mdomo. Unga ule niliula.

"Amefika," akasema. "Sasa funga. Usimwite tena, utamchosha."

Walimchezea Candiru ngoma yake baada ya mavuno, mama mwenyewe akiwa mbele, na mimi nikaitwa, nikaenda, nikakaa na wanawake wa nyumba ile midomo imebanwa mpaka taya zikauma. Mvara watu walinisamehe, ila mpaka nilipoacha biashara, nikipita njia ile kina mama walikuwa wanavuta watoto wao pembeni, na mimi siwalaumu. Ndiyo maana nikasema mbishaneni wenyewe. Niliapa siku ile kwamba sitamwigiza mtu mbele za watu, awe wa filamu, awe wa mtaani, awe hai, awe maiti, na nimeshika kiapo hicho.

Ila kuna jioni, hasa mvua ikitaka kunyesha, naisikia ile sauti inapanda kooni. Haiombi ruhusa. Basi nakimbilia mtungini, najaza maji mdomoni, nakaa nayo mashavu yamevimba, mume wangu ananiuliza kitu simjibu, mpaka ishuke.